Kichwa si kitupu: kutafuta hoja kabla ya kuandika insha

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Lamu. Kusoma napenda, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, lakini insha inanishinda. Juzi tulipewa mada hii: 'Eleza faida na hasara za utalii katika kaunti yako.' Nikaandika mwanzo nikaukata, nikaandika mwingine nikaukata, mpaka kipindi kikaisha nina mistari sita tu. Mwalimu wetu hutuambia tuchore buibui kwanza, mada katikati na hoja kama miguu. Nikichora napata miguu mitatu: pesa, kazi, utamaduni kuharibika. Hapo naishia. Kaka yangu aliyeko chuoni ananiambia niachane na kuchora, niandike tu chochote bila kufikiri. Wenzangu wao wamekariri insha za vitabu vya marudio na wananipita alama. Na hata nikijua kupanga, mtihani una insha mbili. Muda wa kuandika mara mbili nitautoa wapi? Au nikubali tu kwamba mimi sina kipawa?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, la kipawa, kwa sababu ukiliacha likae moyoni, mengine nitakayokwambia hayatakufaa. Hebu lisome tena swali lako. Umeeleza kisa cha darasani, umetaja mada neno kwa neno, umeweka maoni ya mwalimu upande mmoja na ya kaka yako upande wa pili, umewatazama wenzako, ukamalizia na hesabu ya muda wa mtihani. Hiyo ni insha, tena ina mpangilio. Uliweza kuiandika kwa sababu ulikuwa unamweleza mtu jambo unalolijua na linalokuuma. Kwa hiyo akili yako haina kasoro, wala Kiswahili chako. Kasoro iko katika namna unavyoingia kazini, na hilo hurekebishika.

Nilivyokuelewa ni hivi: ukipewa mada unataka sentensi ya kwanza itoke ikiwa imekamilika, na kabla haijakamilika umeshaikata. Ukiambiwa uchore, unatoa yaliyo juujuu kisha unakauka. Juu ya hayo umepewa ushauri wa namna mbili unaogongana, hujui umfuate nani. Mwalimu wako na kaka yako wote wako sawa, ila kila mmoja amekuonyesha kipande cha njia.

Kwanza tuone kwa nini mtu hukwama. Mwaka 1981 watafiti wawili wa Marekani, Linda Flower na John Hayes, walieleza yanayofanyika kichwani mwa mtu anayeandika. Njia yao ilikuwa kuwataka watu waandike huku wakisema kwa sauti kila wanalolifikiria. Ikaonekana wazi kwamba kuandika si kazi moja. Ndani yake mna kutafuta la kusema, kulipanga, kulitia katika maneno, na kulipitia lililokwisha andikwa. Na kazi hizo hazipangi foleni, zinaingiliana na kukatizana. Sasa, ile sehemu ya akili inayoshika mambo tunayoyafanyia kazi kwa wakati huo ni finyu sana. Mwanasaikolojia Nelson Cowan, alipopitia matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2001, alikadiria kwamba mtu mzima hushika mambo kama manne hivi kwa mpigo. Wewe darasani ulikuwa umeshika haya: utalii ni nini, hoja ipi itangulie, neno gani zuri la kufungulia, hati isiharibike, mwalimu atasemaje, kengele italia saa ngapi. Yamezidi manne. Hoja zako zilikuwepo, zilikosa pa kukaa.

Ndiyo maana watu hutumia karatasi kabla ya insha yenyewe. Jambo likishaandikwa pembeni, hata kwa maneno mawili, akili haina haja tena ya kulishikilia, nayo inapata nafasi ya kutafuta jingine.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Kumbukumbu hujibu kile ilichoulizwa, kwa upana uleule ulioiulizia. Ukiiambia "utalii" itakujibu pesa, kazi, utamaduni kuharibika, kwa sababu hayo ndiyo maneno yanayoandamana na neno hilo katika vitabu vya shule. Naamini nusu ya darasa lenu waliandika hayohayo matatu. Lakini jiulize: mwezi wa Agosti, boti ikitoka uwanja wa ndege wa Manda na kufunga gatini Lamu, ni nani anayekimbia mbele kuipokea? Bila shaka umeshaona sura za watu, na huenda mmoja wao ni wa kwenu. Ujuzi wako juu ya utalii haukuongezeka kwa dakika hii moja. Kilichobadilika ni swali.

Kuhusu wenzako waliokariri, sitawabeza. Insha iliyokaririwa vizuri humpa mtoto msamiati na humpunguzia woga, na mada ikiangukia palepale alipokariri, atapata alama zake. Hatari ni mada inapogeuka kidogo. Aliyekariri "umuhimu wa utalii" akaulizwa faida na hasara, atamwaga faida tupu. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, kila insha ina alama 20, na mtahini huanza kwa kuangalia kama umejibu alichouliza. Aliyepotoka huangukia kiwango cha D, ambacho kikomo chake cha juu ni alama 5, hata kama jua lake lilizama kwa tashbihi tamu namna gani. Kariri methali, kariri misemo, soma insha za watu uone wanavyojenga aya. Hoja zitafute mwenyewe.

Sasa tuje kwa kaka yako. Alichokuambia ni mbinu ya kweli, huitwa kuandika huru, na mwalimu wa Marekani Peter Elbow aliieneza sana kuanzia mwaka 1973. Unaweka saa, dakika tano zinatosha mwanzoni. Kalamu haisimami. Hufuti, hurudi nyuma kusoma, hujali nukta wala herufi kubwa. Ukikosa la kuandika, andika "sina la kuandika" mpaka lije jingine. Na iandike kwa lugha inayokujia. Kama nyumbani mnasema Kiamu, andika Kiamu. Mwenzako wa Malindi anayefikiri kwa Kigiriama aandike Kigiriama. Kiswahili sanifu kina zamu yake, na zamu hiyo ni baadaye. Naona watoto wengi wa pwani wakikwama hapa: wazo linakuja kwa lahaja ya mama, wanalisimamisha mlangoni ili kwanza walivalishe sare ya shule, na kufikia hapo limeshaondoka.

Nimejaribu kuandika kana kwamba ni wewe, uone linavyokuwa:

"utalii utalii sijui nianzie wapi. agosti watu wengi ndia ya pwani haipitiki punda mizigo wageni wanapiga picha. mjomba na mashua yake manda toto kila siku anarudi na pesa. mwezi wa tano mvua mashua imepandishwa pwani hana kitu anakopa dukani. sina la kuandika sina la kuandika. nyumba ile ya pembeni imeuzwa ina mlinzi tu mlango umefungwa mwaka mzima zamani tulikuwa tukicheza barazani pale. samaki. agosti samaki ghali mahoteli wanachukua wote asubuhi sisi maharagwe. bibi anauza mikeka lakini mgeni anataka bei ya chini"

Mistari michache, haina nukta za maana, na mwalimu akiiona ataguna. Lakini itazame. Mna kipato kinachokuja kwa msimu na deni linalofuata. Mna nyumba za urithi kuhamia mikono mingine na mtaa kubaki na milango iliyofungwa. Mna bei ya kitoweo kupanda kwa mwenyeji. Mna kazi ya mikono inayopata mnunuzi ila bei haimridhishi mwenye kazi. Hoja nne, na hakuna hata moja uliyoitoa katika kitabu cha marudio. Wewe ndiye uliyeyaona hayo, na kila moja lina mtu na mahali ndani yake, kitu ambacho mtahini akikiona hujua anasoma kazi ya aliyefikiri.

Upungufu wa mbinu hii nao niuseme. Sehemu kubwa ya unachoandika kitakuwa makapi. Siku nyingine utazunguka palepale dakika zote tano usipate kitu, na hiyo ni kawaida. Wako pia watu ambao fujo ile huwatia wasiwasi zaidi ya kuwasaidia. Kama baada ya kujaribu mara kadhaa unajiona hivyo, iache bila majuto. Na hapa ndipo kaka yako aliponiacha kidogo: alikuambia uandike bila kufikiri, hakukuambia kwamba ulichokiandika hakijawa insha. Fundi wa nyumba za mawe hapo Lamu hushusha kwanza mawe, chokaa na boriti kiwanjani, na wakati wa kushusha hasimami kupima kila jiwe. Lakini hakuna mwenye nyumba anayekubali rundo lile kuwa ndio ukuta. Kutafuta ni kazi moja, kuchagua ni kazi nyingine, na ukizifanya kwa pamoja ya pili huiua ya kwanza. Hilo ndilo lililokuwa likitokea ulipokata mwanzo wako kila mara: ulikuwa ukichagua kabla hujapata.

Turudi kwa buibui wa mwalimu wako. Mchoro ule ni mzuri, na kwa mtihani naupendelea kuliko kuandika huru kwa sababu ni wa haraka na unaonyesha uhusiano wa mambo. Kosa ni kusimama kwenye mzunguko wa kwanza. "Pesa" bado haijawa hoja, hilo ni jina tu. Hoja inasema jambo linaloweza kukubaliwa au kupingwa. "Utalii humpa nahodha wa mashua pesa za kutosha kwa miezi michache na kumwacha na deni miezi mingine" ni hoja. Ili jina ligeuke hoja, kila mguu uulize maswali: nani? wapi? lini? kwa nini? na kinyume chake ni kipi?

Chukua mguu wako wa "kazi." Nani? Nahodha na baharia wake, mpishi, mwenye punda wa mizigo, kijana anayetembeza wageni, seremala wa milango ya nakshi, wanawake wa Kipungani wanaosuka mikeka na vikapu, mafundi wa Matondoni wanaounda na kutengeneza mashua. Wapi? Umeshajibu, na utaona mara moja kwamba nimetaja mjini, Kipungani na Matondoni lakini sikutaja Faza wala Kizingitini. Jiulize kwa nini. Hapo huenda pana hoja ya hasara, kwamba faida haifiki kila kisiwa. Lini? Agosti, Desemba, wakati wa Maulidi. Kwa nini kazi hizi hukatika? Ukifika hapa kumbukumbu yako, au ya wazee wako, itafunguka: mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, mwaka 2014 kulikuwa na mashambulizi ya Mpeketoni, ikafuata kafyu, mwaka 2020 ikaja korona. Mara zote hizo wageni walipungua, na waliokuwa wakiishi kwa kazi za wageni walibaki mikono mitupu. Mguu mmoja ulioanza upande wa faida umevuka wenyewe hadi upande wa hasara.

Swali la "kinyume chake" ndilo linaloleta vitu ambavyo mtu hakuvitarajia. Umeandika "utamaduni kuharibika," na kila mtu huandika hivyo. Geuza. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wengi huja kwa sababu ya huo utamaduni wenyewe: nyumba za mawe, vichochoro, Maulidi, punda. Je, kuja kwao hakujawa sababu mojawapo ya watu kuzitengeneza nyumba zilizokuwa zikianguka? Na nyumba iliyotengenezwa vizuri ikakosa wa kuishi ndani, imehifadhiwa au imepotea? Mimi nina maoni yangu juu ya hilo, lakini insha ni yako. Nataka tu uone kwamba mguu uliodhani umekauka ulikuwa haujaulizwa.

Iko njia nyingine fupi unayoweza kuitumia pale maswali yanapokwisha: kaa mahali pa mtu mwingine. Utalii kwa macho ya mwenye nyumba ya wageni, kisha ya mvuvi, kisha ya imamu, kisha ya msichana wa umri wako anayetafuta kazi. Kila unapobadili mtu, mada hubadilika sura. Dakika moja kwa kila mtu inatosha.

Kuzungumza nako husaidia, na sisi watu wa pwani tumejaliwa baraza. Mwulize bibi yako mji ulikuwaje kabla wageni hawajawa wengi, usimkatize, na akikuruhusu mrekodi kwa simu. Ila kuna jambo la kuangalia kuhusu vikundi vya darasani. Wengi huamini kwamba watu sita wakibungua bongo pamoja watatoa hoja nyingi kuliko wakikaa mbalimbali. Mwaka 1987 wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walilipima hilo wakaona kinyume chake: watu walioandika kila mtu peke yake, hoja zao zikijumlishwa, huzidi za kikundi. Sababu kubwa waliyoiona ni kusubiri zamu. Mmoja anaposema, wengine hushikilia wazo lao lisiwapotee, na wakilishikilia hawatafuti jingine. Kwa hiyo kwenye kikundi chenu anzeni kwa kimya, kila mtu na karatasi yake dakika tano, ndipo msome na kujibizana.

Haya, umeshapata rundo. Sasa mlete yule msahihishaji wa kichwani mwako, mwenye kukata na kuchagua, uliyekuwa umemfukuza ulipokuwa ukitafuta. Rudi kwenye mada na uipigie mstari: faida, hasara, kaunti yako. Kila hoja itie alama F au H, na isiyokubali alama yoyote iache, hata kama unaipenda. Kisha jiulize juu ya kila iliyobaki: naweza kumtaja mtu, mahali au wakati? Isiyoweza ni hoja ya kujaza ukurasa. Kwa insha ya maneno 400, hoja sita zinatosha. Ukizipa maneno 55 kila moja ni 330, na 70 yanakubakia kwa mwanzo na hitimisho. Kwa mada yako mimi ningeweka mbele kipato cha mashua, kazi za mikono na nyumba zilizotengenezwa, kisha nigeuke na kipato kinachokatika, bei ya samaki na mitaa iliyofungwa. Tazama jinsi ya nne inavyoijibu ya kwanza, na ya sita inavyoijibu ya tatu. Ukiliona hilo, insha imeshapata mgongo.

Na mwanzo je, ule uliokuwa ukiukata? Uache hadi hapa. Huwezi kumkaribisha mtu nyumbani kwa mwenyewe usiyemjua, wala huwezi kufungua insha ambayo hujui inakwenda wapi. Ukishaona hoja sita mbele yako, sentensi ya kufungulia huja kwa wepesi, na mara nyingi huwa ya kawaida tu, nayo inafaa.

Insha ya methali haifuati njia hii sawasawa, kwa kuwa hapo unatafuta kisa badala ya hoja. Hapo shikilia jambo moja: methali nyingi zina pande mbili, na kisa lazima kizibebe zote. Tuseme ni "Mwenye pupa hadiriki kula tamu." Usianze na "Hapo zamani za kale." Andika kwanza, kwa maneno machache, pupa ni ya nini, tamu ni ipi, na ni hatua gani iliyorukwa. Kijana anajifunza kwa fundi wa mashua Matondoni. Pupa yake ni kutaka achukue kazi yake mwenyewe kabla hajahitimu. Hatua aliyoiruka ni kukalafati: pamba haikushindiliwa sawasawa baina ya mbao. Tamu ni malipo ya mashua ya kwanza na jina lake mjini. Mashua inaingiza maji siku ya kushushwa, mbele ya watu, na mwenye mali anakataa kulipa. Ukiwa na hayo kwenye karatasi, huwezi kupotea katikati ya kisa ukasahau methali. Na chagua kazi unayoijua vipande vyake. Ukiijua ya jikoni kuliko ya mashua, mpeleke huyo kijana jikoni.

Tumebaki na muda. Karatasi ya insha ya KCSE ni saa moja na dakika 45, yaani dakika 105, kwa insha mbili: moja ya lazima, na moja unayoichagua katika tatu. Ni kama dakika 52 kwa kila insha. Tenga 8 za kutafuta na kuchuja, 36 za kuandika, na 8 za kusoma ulichoandika. Maneno 400 kwa dakika 36 ni maneno kama 11 kwa dakika, na anayejua anakokwenda hufika hapo bila kukimbia. Linganisha na kile kipindi chako cha juzi kilichokupa mistari sita. Huandiki mara mbili, mwanangu; unaandika maneno thelathini au arobaini pembeni ili yale 400 yatoke mara moja. Swali la lazima aghalabu huwa barua, hotuba, ripoti, kumbukumbu za mkutano au jambo la aina hiyo. Muundo wake utaujua darasani, na hoja zake hutoka haraka ukijibu mambo matatu: nani anasema, anamwambia nani, na anataka huyo afanye nini.

Usingoje mtihani ndipo ujaribu. Nyumbani tumia kuandika huru kwanza, kisha buibui mwenye maswali, bila kuhesabu dakika. Ukizoea, punguza hadi ubaki na buibui peke yake kwa dakika nane. Kasi huja kwa kurudiarudia, na huja polepole mwanzoni.

Kuna hali ambazo karatasi na saa hazitatosha, na hapo nataka uende kwa mtu ana kwa ana. Kama wiki kadhaa za kujaribu zimepita na bado unaweza kueleza kwa mdomo hoja zote vizuri lakini kalamu inakataa, herufi zinapishana, au unasoma polepole mno kuliko wenzako, mwambie mwalimu wako wa darasa na wazazi. Huenda ni macho, na hospitali itayapima. Huenda ni tatizo la kujifunza kusoma na kuandika, ambalo halihusiani na werevu wa mtu. Ofisi ya elimu ya kaunti itawaelekeza kwenye kituo cha tathmini ya wanafunzi. Na kama ukipewa karatasi moyo unaenda mbio, tumbo linavuruga, au usiku wa kuamkia mtihani hupati usingizi, mtafute mwalimu wa ushauri nasaha shuleni. Woga wa namna hiyo unatibika kwa mazungumzo na mazoezi, na hakuna aibu kuusema.

Kwa lililobaki, msaada wako wa karibu ni mwalimu wako wa Kiswahili. Ukimwendea, usimpelekee insha safi peke yake. Mpelekee pia ile karatasi ya fujo: maandishi huru, buibui, hoja ulizozitia F na H na zile ulizoziacha. Kwenye insha safi ataona tu kwamba aya ya tatu ni nyembamba. Kwenye karatasi ya fujo ataona kama hoja ile haikuulizwa maswali, au ilikuwa na mfano mzuri ukausahau njiani, na atakuonyesha kwa kidole pale palipokatika.